Zuwena Aja Kusikiliza Banjo

Jumamosi hiyo ya mwaka 1971 Soud alivaa koti lake la ukondakta wa basi, kwa kuwa hakuwa na jingine zuri, akatoka kwake Woolwich, Uingereza, mchana ingawa onyesho lilikuwa la jioni. Harjit, Singasinga wa Nairobi aliyefanya naye kazi, alimkuta mlangoni pa ukumbi akirukaruka kwa baridi na furaha.

"Leo namwona kwa macho yangu!" Soud alisema.

Amos Tolliver, Mmarekani mweusi mpiga banjo, alikuwa kipenzi chake tangu Unguja, alikokuwa akimsikiliza kwenye santuri pamoja na mkewe, Zuwena. Baada ya Mapinduzi Soud alitoroka. Zuwena alibaki, na kila alipoomba paspoti alinyimwa. Hawakuwa wameonana tangu hapo.

Tolliver alipogusa uzi wa kwanza, Zuwena alikuwa ameketi kwenye mkono wa kiti cha Soud. Vidole vyake vilikuwa na unga, maana alikuwa akikanda chapati kwao Unguja.

"Umekonda," alisema.

"Chakula cha huku. Hebu msikilize kwanza!"

Harjit alisogea. "Karibu, shemeji. Kaa vizuri, watu wa nyuma hawaoni."

Wakabanana watatu kwenye viti viwili. Ulipoanza wimbo wa haraka, Zuwena alisimama akapiga kigelegele, na ukumbi mzima ukamwitikia kwa kupiga miguu sakafuni. Tolliver akacheka, akaongeza kasi. Soud alicheza mpaka kofia ikamdondoka.

Banjo liliponyamaza, Zuwena alikuwa katikati ya kueleza habari za goti la mamake. Hakumaliza; hakuwapo tena. Koti la Soud lilibaki na unga begani.

"Kesho anapiga Manchester," Harjit alisema.

Wakakimbilia stesheni.

Manchester, Zuwena alimalizia: goti limepona. Wakacheza tena, safari hii mbele kabisa, hadi Tolliver akamaliza na kurudi kwao Marekani.

Mwezi uleule, ofisini Unguja, ofisa alimwuliza Zuwena kwa nini anang'ang'ania kwenda Uingereza.

"Nimeshafika," Zuwena alisema. "Viti vya Manchester vinaumiza mgongo. Nataka kwenda nikakae."

Ofisa alikubali kwamba viti vya huko huenda ni vibaya, akamnyima paspoti.