Saa Iliyookotwa Mara Nne

Mara tatu Chiriku, kiranja wa darasa la tano, aliiokota saa ya mwalimu mkuu kando ya bomba la uani, na mara tatu mwalimu mkuu akairudisha pale bombani na kumwambia aanze upya.

"Bado, binti. Tia huzuni usoni! Mwaminifu hatembei kama anayekwenda kupiga kengele."

Kesho yake mkaguzi angekuja kuchagua shule ya mfano wa maadili. Mwalimu wa somo la maadili, mzee aliyebakiza miaka miwili astaafu, alitazama mazoezi hayo huku damu ikimchemka. Ubaoni mwake, kwa mwandiko wa mapambo, yalikuwapo maneno ya wahenga: Njia ya mwongo fupi.

"Mkuu, hili ni somo au ni uongo?"

"Ni matunda ya mahubiri yako, ndugu yangu. Mgeni lazima ayaone."

"Matunda ya kufungwa mtini kwa uzi!"

"Basi uzi uliobaki kafungie mdomo wako."

Akaufunga. Usiku aliomba toba kwa Mola wake, lakini toba ya mwenye kunyamaza ikamkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Siku ya pili, mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa ameketi mbele ya darasa la tano kando ya mwalimu mkuu, mzee akifundisha, mlango ulipobishwa. Chiriku akaingia, mkono umelowa, saa kiganjani.

"Shikamoo, mwalimu mkuu. Nimeiokota bombani. Nilitamani kuificha, nikakumbuka kwamba amana ni mzigo wa shingoni." Machozi yakamdondoka.

Maneno hayo hayakuwamo katika mazoezi, wala machozi. Aliyaongeza mwenyewe. Mkaguzi akavua miwani, akaifuta.

"Nani aliyekufundisha haya, mwanangu?"

Chiriku akamwonyesha mwalimu wa maadili, uso ukimng'aa kwa kutafuta sifa. "Yeye."

Nyuma ya darasa mtoto mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Leo kaipatia!"

Hapo hasira ya mzee ikavunja kingo.

"Mama, usiandike! Saa hii haikupotea. Tangu jana imeokotwa mara nne!"

Mwalimu mkuu akacheka kicheko kikavu. "Mwalimu wetu ana mzaha kweli."

"Mzaha ni huu uliomvisha mtoto wa watu! Mwaka mzima ninajenga, wewe unabomoa kwa alasiri moja. Nami, laana ya ukimya wangu, nilikushikia ngazi!"

Chiriku akamgeukia mzee. "Mwalimu, nimekosea wapi? Mbona nililia vizuri?"

Swali hilo lilimchoma kuliko dhihaka zote za mkubwa wake. "Hukukosea, binti yangu. Ulifundishwa. Nami nilikuwapo."

Mkaguzi akafunga daftari lake, akaligeukia darasa. "Nani aliyeyaona mazoezi hayo?"

Watoto zaidi ya thelathini, waliokuwa wamejazana madirishani jana, wakainamisha vichwa. Mwalimu mkuu aliwapitishia jicho, mmoja baada ya mwingine, na kila lilipopita, shingo ilizidi kuzama. Mzee akawatazama wanafunzi wake na moyo ukamwaka: haya ndiyo mavuno!

Kisha mkono mmoja ukapanda, polepole, ukiwa bado umelowa, na saa ya mwalimu mkuu ikining'inia vidoleni.

"Mimi," akasema Chiriku. "Nilikuwapo mara zote nne."