Walipomziba Kima Hofu

Wenzake kazini walimwita Kima, kwa jinsi alivyokuwa akipanda minara ya simu kama aliyezaliwa juu ya mti. Kazi yake ilikuwa kubadilisha antena na nyaya, na kwa miaka mingi aliifanya pamoja na shemeji yake, kaka wa mkewe. Walikuwa chanda na pete. Mmoja akipanda, mwingine alishika kamba. Mchana walikula bakuli moja wakitaniana ni nani mzito, nani ataukunja mnara.

Asubuhi moja ndoano ya mkanda wa usalama wa shemeji ilikatika. Siku hiyo walikuwa wamepanda wote wawili, Kima juu yake kidogo. Alimwona akienda chini bila kupiga kelele, macho yamemkazia yeye, kama mtu anayetaka kuuliza kitu.

Tangu hapo Kima hakuweza hata kupanda kiti abadilishe taa. Jasho lilimtoka, akashika ukuta kama mlevi. Mkewe alikuwa fundi cherehani, anashonea hapo hapo sebuleni. Alikuwa na msiba wake wa kufiwa na kaka, lakini aliacha kitambaa kwenye sindano akaenda kukaa naye.

"Taratibu, baba Chiriku," alimwambia. "Kuogopa si ugonjwa."

Chiriku ni binti yao, mdogo wa chekechea, aliyepewa jina hilo kwa domo lake lisilopumzika.

Kampuni iliona ni ugonjwa. Daktari wa kampuni, mtu mpole mwenye sauti ya chini, alimweleza Kima kuhusu kifaa kipya, kidogo kama punje ya mchele, kinachopandikizwa nyuma ya sikio. "Hakiui hofu," alisema. "Kinaizuia tu isikufikie. Ni kama kufunga bomba." Kima alikubali kabla daktari hajamaliza.

Mwanzoni nyumba ilifurahi. Kima alirudi minarani, akala, akalala usingizi wa mtoto. Mkewe alimshukuru Mungu. Kisha akaanza kuona vitu vidogo. Mumewe alivuka barabara bila kugeuza shingo. Aliacha jiko likiwaka akatoka. Hakuuliza tena, kama zamani, "Umefika salama?"

Halafu Chiriku akashikwa na homa. Mwili ulikuwa wa moto, meno yanagongana, macho yamegeuka. Mama alihangaika kutafuta viatu huku kamfunga mtoto mgongoni. Kima alikuwa mezani anakula.

"Twende hospitali, mtoto anaungua!"

"Atapoa."

"Na asipopoa?"

Kima alitafuna, akafikiri kwa dhati kabisa. "Basi hatapoa," alisema.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayejibu leo ni siku gani. Mkewe alimtazama, akatoka peke yake na mtoto.

Chiriku alipona. Mama yake hakuwahi kupumua vizuri tena. Alianza kumchunguza mumewe kama mtu anayechunguza mgeni aliyeingia nyumbani bila kubisha hodi. Sura ni ile ile, kicheko kile kile, hata kovu la kidevuni lilikuwepo. Lakini kila alipomwachia mtoto akaenda dukani, alirudi mbio.

Jioni moja alipanda juu ya paa la jengo lao kuanua nguo. Akamkuta Kima amekaa anakula karanga. Chiriku alikuwa amesimama juu ya ukuta wa ukingo, mikono ameitanua, anatembea. Chini kulikuwa na ghorofa nne na lami.

"Mama, ona! Natembea kama baba!"

"Mshike," mama alisema. "Mume wangu, mshike mtoto."

"Kwa nini? Mbona anatembea vizuri."

Mama alimwendea binti yake polepole, anatabasamu, anamsifu, mpaka alipomfikia akamnyakua. Wakaanguka pamoja juu ya nguo. Kima aliinama, akamtazama mkewe kwa udadisi.

"Mbona unatetemeka?" aliuliza.

Mama mkwe, mzazi wa Kima, alipopata habari alikuja siku iliyofuata. Hakuvua hata mtandio. "Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," alisema. "Mimi sitaki shujaa. Nirudishieni mwoga wangu."

Yeye na mke walimpeleka Kima kwa daktari. Daktari alisikiliza, akakwepa macho yao. "Kufungua tunaweza. Lakini mjue hofu yake haikuacha kutoka. Ilikuwa inajaa tu nyuma."

"Yote ile?" mke aliuliza.

"Yote."

Wakamgeukia Kima. "Fungueni tu," alisema. "Sioni cha kuogopa."

Daktari alikifungua kifaa. Kima alikaa kitandani, mikono juu ya mapaja. Kisha mdomo ukaanza kumtetemeka. Alianza na jina la shemeji. Baada ya hapo vikaja vyote kwa pamoja: homa, magari, jiko, ukuta wa paa. Alipiga yowe ambalo mkewe hakujua kwamba mwanadamu anaweza kulitoa, akaingia chini ya kitanda, na ilibidi watu watatu wamtoe.

"Itapungua," daktari alisema.

Haikupungua. Nyumbani Kima aliziba madirisha kwa mablanketi. Aliogopa mkasi wa mkewe, chakula, mlio wa cherehani, nyayo za jirani. Zaidi ya yote alimwogopea Chiriku. Hakuweza kumwona bila kumwona anaanguka, na akitoka machoni pake ilikuwa mbaya zaidi. Siku moja mkewe alitoka bafuni akasikia mtoto analia. Kima alikuwa amemfunga kwa kamba ya kazi, kiuno na miguu, kwenye mguu wa kitanda, mafundo yamekaza mpaka ngozi imevimba.

"Ataanguka," Kima alisema, anatokwa na machozi. "Ataanguka, mama Chiriku."

"Yuko sakafuni! Ataangukia wapi?"

"Sijui. Wote wanaanguka."

Mkewe alikata kamba kwa mkasi, akampeleka mtoto kwa bibi yake. Aliporudi, Kima alikuwa amejikunyata pembeni ya kabati. Aliushika mkono wa mkewe kwa mikono miwili.

"Nirudishe kwa daktari. Wanizibe tena."

"Wakikuziba hutatupenda."

"Najua," alisema. "Na hilo pia naliogopa. Lakini siwezi. Nihurumie."

Alikuwa yeye, yule mume wake hasa, anamtazama kwa macho yake mwenyewe. Mkewe alimkumbatia, wakalia mpaka wakachoka. Kisha akamvalisha shati, akamfunika kichwa kwa kanga ili asione barabara, akampeleka.

Daktari hakukawia. Mkewe alikuwa bado kaushika mkono ule alipohisi vidole vinalegea. Kima aliinuka, akajifuta uso, akashangaa kuona umelowa.

"Twende," alisema. "Kesho nina mnara."

Wiki hiyo hiyo mke alihamia kwa mama mkwe. Kima alimsaidia kuteremsha cherehani, akaibeba begani ngazi zote, anapiga mluzi. Akaipakia kwenye pikapu, akaifunga vizuri isicheze. Hakuuliza wanakwenda wapi, wala watarudi lini. Mkewe alikaa mbele karibu na dereva, kioo ameteremsha, akamngoja aseme neno. Lolote.

"Haya," Kima alisema, akapiga bati la gari kwa kiganja kumwashiria dereva aondoke.