Jina la Ukoo wa Mama

Mpiga eksirei alikuwa amejaza karibu kila kitu kwenye fomu. Barua pepe iliingia asubuhi, kati ya mgonjwa wa mbavu na mgonjwa wa goti, ikisema ofisi ya utumishi inahamisha kumbukumbu za wafanyakazi, na asiyethibitisha taarifa zake kabla ya saa sita mchana atafutwa kwenye orodha. Nembo ya hospitali ilikuwepo juu, kijani ileile. Akaandika namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, hata nenosiri. Swali la mwisho ndilo lililomkwamisha: jina la ukoo la mama yako kabla hajaolewa.

Hakuwa na uhakika linavyoandikwa. Akampigia mama yake, ambaye alistaafu baada ya miaka thelathini ya kuchambua barua posta.

"Shikamoo mama. Hivi ukoo wa babu unaandikwaje?"

"Marahaba. Nani anauliza?"

"Ofisini. Kuna fomu, na muda unakwisha."

"Miaka yote hiyo hawajanijulia hata hali, leo wananitafuta mbio mbio? Umeshaituma?"

"Bado."

"Basi ondoa mkono kwenye hiyo mashine. Nisomee anwani ya aliyeandika. Jina lake sitaki, nataka anwani yenyewe, herufi moja moja."

Akasoma kwa kumridhisha tu, maana mgonjwa mwingine alishaketi kwenye benchi nje. Alipofika katikati akasita. Palipotakiwa kuwa na herufi "l" palikuwa na tarakimu 1. Ukipitisha jicho haraka, huoni tofauti.

"Mama, hawa si watu wetu."

"Ndiyo maana wana haraka. Funga hapo, kawaulize wenyewe kwa namba unayoijua wewe."

Akafunga ukurasa. Afisa utumishi, aliyempata kwa simu ya mezani, alisema hakuandikia mtu yeyote, na ofisi yake haiulizi nenosiri la mtu hata siku moja. Akamwambia abadilishe lake papo hapo, kwani alichokiandika huenda kilishaonekana hata kabla ya kutuma. Kisha likatoka tangazo kwa idara zote.

Mfamasia alikuwa ameshatuma. Alitokea kwenye korido na koti jeupe halijafungwa vifungo, akamshika mpiga eksirei mkono.

"Mimi niliwapa kila kitu, kaka. Tangu saa nne."

Wakaenda pamoja kwa fundi wa kompyuta. Alibonyeza, akasoma, akabonyeza tena, nao wamesimama nyuma yake kama wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Wamejaribu kuingia mara moja, wakakwama," alisema hatimaye. "Nimeshawafungia. Chagua nenosiri jipya, dada, na benki uwape taarifa, maana nao huuliza jina la ukoo wa mama."

Mfamasia akakaa kwenye kiti cha karibu bila kukaribishwa. Akacheka, akafuta macho, akacheka tena. Mpiga eksirei naye akajikuta anacheka, ameegemea ukuta, jasho la mgongoni likianza kupoa.