Riwaya Isiyojua Bahari

Vumbi la Kariakoo liliamka mapema miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Liliamka kabla ya wachuuzi, likatua juu ya redio mpya, juu ya viatu vya plastiki, juu ya vitabu vilivyotandazwa kwenye gunia Mtaa wa Mkunguni. Hapo Mwanamkuu aliinama, akapangusa jalada kwa upindo wa khanga, akanunua riwaya kwa sababu ya neno moja: baharini.

Mumewe, Idrisa, alikuwa amezamia meli. Aliingia bandarini pamoja na makuli, akajificha chini kabisa, akitaka Ugiriki. Miezi minne sasa. Hakuna barua, hakuna salamu. Yalikuwapo maneno ya watu tu, na maneno ya watu yalikuwa na meno: wanaokamatwa, walisema, hutupwa majini wakiwa hai.

Basi akasoma. Mchana, nyuma ya cherehani yake Mchikichini, katikati ya marundo ya mitumba, akasoma kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Ilikuwa hadithi ya mapenzi ya enzi za masultani: kijana Bashiri anajificha ndani ya merikebu, amfuate binti aliyeozwa ng'ambo. Ewe Bashiri, unakunywa nini humo? Unakohoa vipi usisikike?

Bashiri hakuona kiu. Bashiri hakukohoa. Ukurasa wa sitini nahodha akamkuta, akacheka, akampa kanzu safi. Ukurasa wa sitini na moja: "Baada ya siku nyingi, wakatia nanga."

Siku nyingi! Siku zilezile alizozitafuta, siku za njaa, siku za nyayo za watu juu ya kichwa, mwandishi alikuwa ameziruka kama anayeruka dimbwi njiani.

Nyuma ya kitabu palikuwa na anwani ya mwandishi, nyumba ya ghorofa Mchafukoge. Akaenda, moyo ukimtangulia ngazini.

Mlango ulifunguliwa na mzee aliyevaa fulana, mwandishi mwenyewe, Pius, karani mstaafu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Huyu nahodha," Mwanamkuu akanyoosha kitabu, "nani alikwambia alicheka?"

"Nimemtunga tu."

"Hukuwauliza mabaharia?"

"Mimi hata pantoni ya Kigamboni hunitapisha. Niliona wasomaji wanataka harusi. Kwani vipi?"

Akamweleza. Alieleza akiwa amesimama, kwa haraka, asije akalia.

Pius akaketi polepole. Hakutoa pole, hakusema Mungu mkubwa. Uso ulimsawajika, na hapo ndipo Mwanamkuu alipoogopa kweli. Alikuja akitumaini kwamba mtu huyu anajua jambo. Sasa aliona wako wawili ukingoni mwa maji yaleyale, na hakuna aonaye chini.

"Nitaiandika upya," Pius akasema, akivuta karatasi. "Siku zile zote. Kiu yenyewe, hofu yenyewe. Mumeo anaitwa nani?"

"Idrisa. Idrisa Mgeni."

Kalamu ikaanza kutembea. Herufi ya kwanza, ya pili, ya tatu, wino ukiwa bado mbichi. Majina yanayoulizwa hivyo, kwa sauti ya chini, kalamu mkononi, Mwanamkuu alikuwa ameyasikia misibani tu. Akaweka kiganja juu ya karatasi, akaukandamiza wino.

"Usimalize, baba," akasema. "Bado hajafika."