Pikipiki Isiyojua Kusalimia

Mwaka themanini na sita nilikuwa nesi wa chanjo, na pikipiki niliyopewa ilikuwa haijui kusimama bila kuzimika. Ikitembea, sawa. Ukipunguza mwendo tu inakohoa na kufa, na ikifa ikiwa ya moto utapiga kiki mpaka paja ligome. Kwa hiyo nilipokutana na mzee njiani, nilimwamkia huku napiga resi. Kama aliitikia, sikumsikia.

Mzee Byarugaba wa Bugomora alichukia. Kwao mtu akiwa kwenye baiskeli akakutana na mkubwa, hushuka, huishikilia, ndipo husalimia. Mimi nilimngurumia usoni mara tatu. Akawaambia wakamwana wake wanne kwamba hakuna mtoto wa mji wake atakayechomwa sindano na mwanamke asiye na adabu. Na surua ilishazika watoto wawili kijiji cha jirani. Pale kwake watoto watano hawakuwa na chanjo.

Nikaipeleka pikipiki Rubwera kwa fundi Hatibu.

"Fundi, nataka itulie. Mlio mdogo, usiozimika."

"Niachie mimi, dada Laurensia. Masikio yangu haya hayajawahi kudanganya."

Akakaza skrubu moja, ikaunguruma kama mashine ya kusaga. "Umeona? Haizimiki!"

"Hatibu, kuna skrubu mbili kwenye kabureta. Hiyo inapandisha mlio tu. Ya kuchanganya hewa na petroli ni ile nyingine."

"Ile haiguswi. Imepimwa kiwandani."

Haiguswi! Nilitamani kumgusa yeye. Wiki nzima nilikwenda na kurudi, na kila siku alikuwa na lake: mara petroli imetiwa mafuta ya taa, mara plagi, mara eti mimi ni mzito. Alhamisi uvumilivu ukaniisha, nikamnyang'anya bisibisi.

Niliiacha injini ipate moto, nikairudisha chini ile skrubu aliyoikaza. Kisha nikaishika isiyoguswa, nikaizungusha robo robo. Upande mmoja injini ilikwama kama aliyepaliwa na ugali. Nikairudisha. Ikafika mahali mlio ukapanda wenyewe, ukawa safi. Nikaiacha hapo, nikapunguza ile ya kwanza taratibu. Mlio ukashuka, ukatulia.

"Si nilikwambia?" akasema Hatibu.

Nikamrudishia bisibisi, nikapanda. Ningemjibu ningelala mahabusu.

Kesho yake nikafunga boksi la chanjo nyuma, barafu yake ya kunifikisha saa saba na si zaidi. Mzee Byarugaba alikuwa uani kwake, anageuza kahawa aliyoianika. Nikashuka, nikaishika pikipiki kwa mkono mmoja, ikinong'ona kama nilivyoifundisha. Moyoni nilishashinda.

"Shikamoo, mzee."

Akaitazama pikipiki, akanitazama mimi. "Kuna mwingine anaongea hapo. Zima."

"Mzee, nikiizima sijui kama itawaka..."

"Zima."

Wiki nzima! Nikazungusha ufunguo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Sasa akaanza. Mama hajambo? Baba? Huko kwenu Rugera mvua imenyesha? Migomba inaendeleaje? Na yule shangazi anayeumwa miguu? Sikujua hata kwamba anamfahamu shangazi yangu. Barafu inayeyuka nyuma yangu, na mimi najibu moja moja, meno nimeyauma. Nilipodhani amemaliza, akaanza na ng'ombe.

Mwishowe akageukia nyumba, akaita. Wakamwana wakatoka upesi na watoto wote watano, wameshavishwa nguo za kanisani. Walikuwa wamesimama nyuma ya mlango muda wote.

Akampokea mdogo kuliko wote, mtoto wa mkamwana wake Kantengwa, akampakata, akamkunjia mkono wa shati. Kisha akawakaripia mama zao: "Nesi anahangaika na jua hili tangu mwezi uliopita, nyinyi mmejificha na watoto! Mlikuwa mnangoja wafe?"

Wakamwana wakainamisha vichwa. Nikaishika sindano kwa nguvu, nikamwomba Mungu anipe subira, maana shabaha yangu saa ile haikuwa mtoto.

Nikamchoma. Mtoto akalia. Mzee akamkumbatia kifuani, akanigeuzia mgongo, lakini niliyaona machozi yake. Akasema ni moshi wa pikipiki. Ilikuwa imezimwa nusu saa nzima.