Ukuta wa Neema na Shimo la Mama Fuko

Katika Milki ya Mng'aro mambo yote yalikuwa na mpangilio, na mpangilio wenyewe ulipendeza macho. Nasema macho kwa sababu Mfalme Tausi hakuwa na kipimo kingine. Njia ikipendeza ilikuwa njia njema, hata kama haifiki popote. Yeye mwenyewe alikuwa na macho mengi mkiani kuliko kichwani, na ya mkiani ndiyo aliyoyatunza.

Sheria kubwa ya milki ilikuwa moja, kila mnyama aliijua tangu ananyonya: mwenye makao yaliyoandikishwa haliwi. Awe panya, awe swala, madhali ana shimo au kichaka kwa jina lake, hata chui hupita akamwamkia. Asiyeandikisha aliitwa mzururaji, na kuhusu mzururaji sheria haikusema kitu. Wenye meno na makucha waliuelewa vizuri sana ukimya huo.

Zamani kuandikisha makao ilikuwa kazi ya udongo. Unakwenda kwa Karani Nungunungu, unasema shida yako kwa mdomo, unakandamiza kiganja kwenye udongo mbichi, basi, umemaliza. Masika yakirudi, nawe unarudi. Mama Fuko, ambaye haoni tangu kuzaliwa kama fuko wote, aliandikisha shimo lake hivyo miaka nenda miaka rudi. Alikwenda kwa kunusa, akarejea kwa kunusa, na hakuna aliyesema ana upungufu. Hakuwa nao. Upungufu wake uliletwa baadaye, ukajengwa kwa vigae.

Maana Mfalme alichoshwa na matope. Akamwita Fundi Tumbili, akamwambia anataka kitu cha kisasa. Tumbili akajenga Ukuta wa Neema, vigae vitupu vilivyong'arishwa, kila kigae na picha yake. Unataka zamu ya bwawani, unakandamiza picha ya tone la maji. Unataka kuandikisha makao, unakandamiza shimo lenye mnyama ndani. Unataka kuyaachia, unakandamiza shimo tupu. Ukuta ukishashika alama ya kiganja hauiachii. Nungunungu akastaafishwa kwa shukrani nyingi. Tena, ili wageni wasichoke kuutazama ukuta, Tumbili alivihamisha vigae kila mwezi ulipoandama, hiki huku, kile kule. Hodari kweli bwana yule, sina la kumwambia.

"Na asiyeona je?" aliuliza mmoja siku ya uzinduzi.

Waziri Mwewe, mwenye wizara ya Makao, hakukosa jibu. "Tumelifikiria. Kasuku atakaa nyuma ya ukuta. Asiyeona akipapasa kigae, Kasuku atamsomea maneno yaliyoandikwa mgongoni mwa kigae hicho."

Wakapiga makofi. Ni wazo zuri, sikatai, na mwenye kulibuni alikuwa na akili. Kasuku akala kiapo kwamba atasoma kilichoandikwa tu, hataongeza neno lake, na penye mgongo mtupu atasema 'picha', akaenda kukaa nyuma. Lakini Tumbili hakuandika kitu migongoni. Alisema ataandika akishamaliza upande wa mbele, na upande wa mbele haukwisha.

Masika yalipoingia, Mama Fuko aliwaacha watoto wake wanne shimoni, wachanga, hata manyoya hawajaota, akaenda kuandikisha. Akapapasa kigae cha kwanza.

"Picha," akasema Kasuku kutoka nyuma.

"Picha ya nini, Bwana Kasuku?"

"Picha."

Akapapasa cha pili, akaambiwa picha. Akapapasa cha chini yake, picha. Akaenda hivyo mpaka mwisho wa ukuta, akarudi, asithubutu kukandamiza hata kimoja.

"Baba, wewe unaona," akasema. "Zunguka mbele mara moja uniambie shimo liko wapi. Nina watoto."

"Nimeapa, mama." Sauti ya Kasuku ilikuwa na aibu. "Nasoma nilichoandikiwa. Na sikuandikiwa kitu."

Ndipo akatokea jirani yake, Nguchiro, ambaye shimo lake huingia maji kila masika. "Dada, mbona wahangaika na mimi nipo? Lete mkono."

Mama Fuko angefanya nini? Alifanya ambalo ungelifanya wewe, akampa mkono. Nguchiro akauongoza kwa upole, akaukandamiza kwenye kigae. Kasuku akasema, "Picha." Nguchiro akasema, "Tayari, dada." Mama Fuko akamwombea dua njia nzima ya kurudi nyumbani.

Kilikuwa kigae cha shimo tupu. Kesho yake Nguchiro alikwisha kuliandikisha shimo lile kwa jina lake, na watoto wanne wa fuko walikuwa wamelazwa nje, juani. "Usinichukie, dada," alisema akiwa mlangoni. "Ukuta ndio uliosema." Mama Fuko akawafunika wanawe kwa majani makavu. Shimo jingine angeweza kulichimba, tena upesi, lakini shimo lisiloandikishwa ni shimo la mzururaji, na yeyote ana ruhusa ya kulifukua. Akaenda barazani.

Barazani walikuwa wamefukiza ubani kwa heshima ya Mfalme. Ubani ule ulizifuta harufu zote, kwa hiyo Mama Fuko alisimama pale pasipo kujua nani yuko mbele yake na mlango uko upande gani.

"Alama ya kiganja ni yako?" akauliza Waziri Mwewe.

"Ni yangu, Mheshimiwa."

"Ulilazimishwa?"

"Sikulazimishwa. Niliongozwa."

"Ukuta hauna kigae cha kuongozwa."

Wakacheka kidogo, kicheko cha adabu. Mama Fuko akangoja kiishe.

"Mtukufu Mfalme," akasema, "sikuja kuushtaki ukuta. Wanaouona wanasema ni mzuri na mimi nawaamini. Ila siku ile, Kasuku angekuwa na neno moja la kusoma, neno 'tupu', ningeuvuta mkono wangu. Naomba neno hilo moja liandikwe, na nirudishiwe shimo langu."

Mfalme akamgeukia Tumbili. "Kuandika migongoni ni kazi kubwa?"

Tumbili akajikuna. "Kusema kweli, Mtukufu, ni kazi ya alasiri moja."

Mambo yangeweza kuishia hapo. Kila nikifika mahali hapa natumaini, kijinga tu, kwamba safari hii mmoja wao atasema haya, kaandike. Hawasemi.

"Ila wino huenda ukapenya mbele," Tumbili akaongeza. "Ile samawati ya vigae itaingia doa."

"Doa," akasema Mfalme, na manyoya ya shingo yakamsimama.

Mwewe akainama kwa heshima. "Tukumbuke pia idadi, Mtukufu. Tangu ukuta usimame, asiyeona aliyekuja kulalamika ni huyu mmoja. Tuutie doa ukuta wa milki nzima kwa ajili ya mmoja?"

"Mmoja aliyefika," akasema Mama Fuko. "Kanga aliyepofuka kwa moto hakufika. Digidigi mwenye mtoto wa jicho hakufika. Kulalamika nako kuna kigae chake, Mheshimiwa, na wao hawakukipata. Mimi nimefika kwa kumfuata bawabu kwa nyuma. Hao wenzangu wako wapi sasa? Mimi sijui. Labda wizara ya Makao inajua."

Mwewe alikuwa anaziangalia kucha zake.

"Kabla hujafa hujaumbika, Mtukufu," akaendelea Mama Fuko, taratibu, kama mtu anayemsemesha mgonjwa. "Macho ni ya kuazima. Leo unayo."

Wenye mabawa wakayakunja. Mfalme akaufungua mkia wote, akauliza, "Unaniombea upofu?"

"Sikuombei. Naomba neno moja nyuma ya kigae."

Sasa, msimdhanie Mfalme hana moyo. Alikuwa nao. Chozi lilimtoka, chozi la kweli, likaonekana na kila mtu, likasifiwa. Akasimama, akatangaza kwamba kila mwaka kutakuwa na Siku ya Wasioona, yenye ngoma na mapambo. Akatangaza kwamba katikati ya ukuta kitawekwa kigae kipya, kikubwa kuliko vyote, chenye picha ya Mama Fuko akitabasamu. Kuhusu maandishi ya migongoni na shauri la shimo, akaunda kamati, na mwenyekiti wake akawa Waziri Mwewe, kwa kuwa anayafahamu makao ya kila raia.

"Nashukuru, Mtukufu," akasema Mama Fuko. "Na mpaka kamati imalize, nilale wapi na wanangu?"

"Hilo nalo litaingia kamatini."

"Mheshimiwa mwenyekiti, mnaweza kukaa kesho? Kesho asubuhi?"

"Kesho asubuhi tutakaa," akasema Mwewe. "Nakuahidi."

Tumbili akaja kumpima uso kwa ajili ya ile picha, akamwomba atabasamu. Alitabasamu. Nani angekataa, mbele ya watu wote wale, naye bado ana haja kwao? Kisha bawabu akamsukuma kwa upole mpaka nje.

Aliwakuta wanawe chini ya majani, wako hai, wanalia njaa. Kulifikia pori la ng'ambo, ambako udongo ni laini na wangeweza kujificha mpaka kesho, ilibidi kuvuka uwanda mtupu wa mbele ya kasri, uliofyekwa ili ukuta uonekane kutoka mbali. Fuko hawezi kubeba watoto wanne. Alimuuma mmoja ukosi, akaenda naye hatua chache, akamlaza, akarudi kwa sauti ya wengine, akambeba wa pili. Hakujua kama anakwenda mbele au anazunguka. Raia waliokuwa kwenye foleni ya ukuta walimwona. Walimhurumia sana, walisema hivyo wenyewe, kisha foleni ikasogea.

Asubuhi iliyofuata kamati ilikaa kama ilivyoahidiwa. Mwenyekiti alichelewa kidogo, akaomba radhi. Walipomletea kifungua kinywa alikisukuma kando kwa adabu, akasema leo hana njaa. Akauliza kama mlalamikaji yupo. Wakamwita mara ya kwanza, wakamwita mara ya pili, wakamjibu kwamba hayupo.

"Basi," akasema Waziri Mwewe, "kwa kuwa mlalamikaji hakufika, shauri limefungwa."