Chafya ya Kinyozi

Mkono wangu haujawahi kuteleza. Nimenyoa watoto wanaolia kama king'ora, nimenyoa mlevi aliyekuwa akiimba na kucheza humo humo kitini, nimenyoa hata mwalimu wangu wa hesabu, yule wa kunipa sifuri, na masikio yake yote mawili bado anayo. Uliza mtaa mzima. Ila usimwulize mjomba wangu, fundi saa, kwa sababu Jumamosi ile nilimwachia kichwani uwanja wa ndege, kuanzia utosini hadi kisogoni.

Mjomba anaweza kufungua saa ndogo kama ukucha na kuirudishia skrubu zake zote, lakini mbele ya mwuguzi wa zahanati ulimi humkwama. Yule mama naye, saa yake haijaugua hata siku moja, ila kila mwezi anaileta itazamwe. Mara ya kwanza mjomba alipopanga kumposa, mvua ilinyesha. Mara ya pili kiatu kilimbana. Sasa mwuguzi kapewa uhamisho, Jumatatu anahamia mji mwingine. Ni leo au basi.

"Mpwa, nifanye kijana," aliniambia akikaa.

"Mjomba, mimi ni kinyozi, si Mungu."

Akafumba macho nywele zisimwingie, akaanza mazoezi: "Mama, mimi ni mtu wa maneno machache..." Alirudia mara nne, na kila mara maneno yaliongezeka. Halafu mashine ikapita.

Mjomba akafumbua macho. Akautazama uwanja wa ndege kwenye kioo, akaugusa kwa kidole.

"Basi," akasema taratibu. "Aende salama."

Afadhali angenitukana.

Dada yangu alikuwa kwenye benchi, amezama kwenye kitabu cha sheria akijiandaa na mtihani. Nyumbani tunamwita Wakili, ingawa yuko mwaka wa kwanza tu. Akainua kichwa. "Nani kafanya hivi?"

"Chafya," nikasema. "Unywele ulinipanda puani."

Akafunga kitabu, kidole kikiwa bado ndani. "Chafya si tendo la hiari. Mwili ukijirusha wenyewe bila akili kuutuma, sheria haisemi umetenda."

"Umesikia, mjomba? Nimeshinda kesi!"

"Tulia, sijamaliza. Dereva anajua ana kifafa, bado anakamata usukani, anagonga mtu. Alipogonga hakuwa na hiari, lakini alipowasha gari alikuwa nayo. Wewe ulijua chafya inakuja?"

"Ilikuja kama mkwe, bila hodi."

"Na kile kichana cha mashine, cha kuizuia isinyoe hadi ngozi, mbona kiko mezani?"

"Nilikitoa nisawazishe kando ya sikio."

"Utosini kuna sikio?"

Mjomba, pamoja na msiba wake wote, kicheko kikamponyoka.

Nikaona kesi inaniendea mrama. "Haya, tutafute chanzo chenyewe. Nani alifungua mlango? Wewe. Upepo ukaingia, ukarusha unywele, unywele ukaingia puani. Kwa hiyo aliyemharibu mjomba ni wewe."

"Ukienda hivyo utamshitaki na bibi kwa kumzaa mama. Kwenye mnyororo wote tumo, mdogo wangu. Swali ni kitendo cha nani kinastahili kubebeshwa lawama."

"Basi mjomba mwenyewe! Alikuwa anatikisa kichwa, anatongoza hewa."

"Mwache kijana," mjomba akasema. "Kweli nilitikisika. Kosa ni langu, la leo na la miaka yote hii. Mtu mzima hafanyi mazoezi ya kupenda kwenye kiti cha kinyozi."

Nikatazama nywele zilizoanguka sakafuni. Nilitaka kusema neno, nikakuta neno lenyewe halina utani ndani yake, na maneno ya aina hiyo mimi siyajui.

"Tunyoe zote, mjomba. Kipara kitakupendeza."

"Hapana." Akaanza kufungua kitambaa shingoni.

Mlango ukasukumwa. Mwuguzi wa zahanati akaingia, mkoba begani. Mjomba akakivuta kile kitambaa akajifunika kichwa, akawa kama kiti kilichowekewa foronya.

"Shikamoo, mama," nikawahi.

"Marahaba. Chafya, eh?" Alikuwa ananiangalia mimi tu. "Nimeuguza watu wa mafua tangu hujazaliwa. Sijapata kuona mtu anapiga chafya huku kapiga goti."

Wakili akakiweka kitabu chini. "Tunaomba ushahidi wako, mama."

"Nimekwenda dukani kwake kuaga, nikakuta kumefungwa, wakaniambia yuko huku. Nimefika hapo nje, kwenye kioo cha dirisha, nikasikia, 'Mimi ni mtu wa maneno machache.' Nikaona si adabu kumkatiza. Yeye kafumba macho, anasema yake. Huyu nyuma anamwigiza, mkono kifuani, goti chini, mashine kaishika kama shada la maua. Alipoinuka kwa mbwembwe, mashine ikapita."

"Tendo la hiari," Wakili akasema. "Kuanzia goti."

Kutoka chini ya kitambaa sauti ya mjomba ikauliza, "Umesikia... yote?"

"Mara zote nne. Ya tatu ilikuwa nzuri sana. Ya nne uliiharibu ulipoanza kueleza saa za ukutani." Akaketi benchini kando ya dada yangu. "Jumatatu bado haijafika. Nyolewa zote, halafu uniambie ile ya tatu."

Kitambaa kikashuka polepole. Mjomba akamtazama kupitia kioo bila kukwepesha macho. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa najaribu kujificha nyuma ya mashine isiyotosha kuficha hata pua.

"Kwenye maigizo yako, nilipiga goti vipi?" akauliza. "Hebu nionyeshe, nisije nikakosea."